Besi Tuliyoitafuta Kanazi

Mwezi uliopita nilishuka Nyantakara nimekumbatia boksi kubwa kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani yake kulikuwa na sabufa, ile yenye spika kubwa moja ya kuweka chini na vispika viwili vya pembeni, zawadi ya mama mdogo. Nimezunguka sana, rafiki yangu. Nimeuza vitenge Kahama, nimewapikia wachimbaji Geita, nimekaa Mpanda miaka miwili kwa sababu ambayo mpaka leo siwezi kuieleza, na kila nilipohama niliacha kitu nyuma. Lakini kwa mama mdogo sijawahi kufika mikono mitupu, na safari hii aliniagiza mwenyewe kwa simu: "Niletee redio yenye kishindo. Hii niliyonayo inalia kama nzi aliyeingia kwenye chupa."

Mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili anayejua kila kitu, aliitoa kwenye boksi na kuipandisha juu ya kabati la vyombo, kwenye kile kitambaa cha kufuma, katikati ya maua ya plastiki. Akachomeka flashi, akafungulia kwaya. Vikombe vikaanza kugongana. Vioo vya kabati vikatetemeka, kijiko kimoja kikaanguka. Huko ndani ya muziki, mahali ambapo besi ilitakiwa kukaa, palikuwa na mngurumo usio na mwanzo wala mwisho, kama trekta lililokwama bondeni.

Mama mdogo alisikiliza, mikono kiunoni.

"Kelele ipo," akasema. "Kishindo hakipo."

Nikacheka peke yangu. Si yeye aliyenichekesha. Maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, niliwahi kuyasikia nikiwa na miaka tisa au kumi, kutoka kwa mama yake.

Bibi aliishi Kanazi, upande wa Ngara, katika nyumba ya matofali ya udongo iliyozungukwa na migomba mpaka dirishani. Mama yangu alinipeleka kwake nianze shule, akasema atanifuata muhula ukiisha, na ilipita mihula mingi. Sikulalamika. Kwa bibi asubuhi ilianza na moshi wa kuni na viazi vitamu vya jana vilivyochomwa tena kwenye majivu. Jioni ilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyochemka tangu mchana, yenye mchuzi mzito ambao ungeweza kusimamisha kijiko. Kati ya asubuhi na jioni kulikuwa na maji ya kuteka, mbuzi wa kuhamisha na majani ya migomba ya kukata, na mimi nilikuwa hodari wa kutoonekana wakati wa kazi hizo.

Maficho yangu yalikuwa mtumbwi. Si mtumbwi wa majini, maana huko kwetu ziwa lilikuwa hadithi ya wageni. Ni ule wa kukamulia ndizi za pombe, gogo refu lililochongwa ndani, ambamo mjomba alikanyaga ndizi mbivu na majani mpaka juisi ikatoka. Usipotumika uligeuzwa mdomo chini nyuma ya jiko ili mvua isiujaze. Nilijipenyeza humo nikalala chali. Ulinuka utamu uliochacha na nyuki hawakuacha kuuchungulia. Kutoka humo nilisikia dunia kwa namna nyingine: jembe la jirani kule bondeni lilisikika mgongoni mwangu, na hatua za bibi akinitafuta zilikuja kifuani kabla sijaisikia sauti yake. Kumbuka mtumbwi huo, tutaurudia.

Mwaka huo mama mdogo aliolewa. Yeye ndiye kitinda mimba wa bibi, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na alichukuliwa mbali, Biharamulo, hapa hapa Nyantakara ninapokuandikia. Kwa desturi ya nyumba yetu, mama hakwenda kwenye harusi kwa watu waliomchukua binti yake. Bibi alimsindikiza mpaka mgomba wa mwisho, akamfunga vizuri kitenge kiunoni, akageuka bila kutazama nyuma. Kuanzia hapo alikaa kusubiri habari, na habari aliyoitaka ilikuwa moja tu: je, walimpokea kwa ngoma?

Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Binti aliyepokelewa kwa ngoma ameingia mji akiwa mtu. Aliyepokelewa kimya ameshushwa kama gunia. Na wiki moja baada ya harusi wakwe wangekuja na pombe yao kutushukuru. Chungu kingewekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, na mama wa binti ndiye angeshika mrija kwanza. Asiposhika, hakuna mwingine anayekunywa, na wageni wanarudi na chungu chao mbele ya macho ya majirani wote.

"Wasipompigia ngoma mwanangu," bibi alisema, "mrija wao sitaushika."

Na bibi hakuwa mtu wa kutishia bure. Mama mdogo angeanza maisha katika mji ambao mama yake ameukataa. Sisi tuliobaki nyumbani tulilijua hilo, mimi na mjomba.

Mjomba ndiye aliyetumwa harusini kama macho na masikio ya bibi. Alikuwa kijana mrefu, mpiga ngoma wa parokia yetu, anayependa vyombo vya sauti kuliko chakula. Aliazima redio kaseti ya mwalimu wa shule yangu, akaapa kwa Mungu kwamba haitanyeshewa, akaenda nayo akiwa na kanda mpya mfukoni. Alirudi Jumatano, amefunga kitambaa kiganja cha kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkono umefanyaje?"

"Baiskeli iliniangusha."

Bibi aliitazama baiskeli iliyoegemea ukutani, haina hata mkwaruzo. "Haya, leta ngoma."

Mjomba akabonyeza. Tukasikia upepo, tukasikia mvua juu ya bati, vigelegele vya wanawake, na nyuma yao kitu kinalia ta, ta-ta, ta, ta-ta. Bibi akainamisha sikio. Masikio yake yalikuwa yamepungua kidogo tangu alipougua, alisikia vizuri sauti nzito kuliko nyembamba.

"Hiyo ni nini?"

"Ngoma, mama."

"Ngoma? Mbona kama mtu anapura maharage? Wamempokea mwanangu kwa kupura maharage?"

"Ngoma zilikuwepo, mama, tena kubwa! Redio hii ndiyo haina kifua."

"Kelele ipo, kishindo hakipo," akasema bibi. Akachukua jembe lake akaenda shambani. Kutoka njiani akatupa neno la mwisho bila kugeuka: "Jumapili si mbali."

Ndipo tukaanza kutafuta besi. Siku hizi vijana wanatafuta hayo mambo kwenye simu. Sisi tulikuwa na siku tatu, redio ya kuazima, na betri nne zilizokuwa zimechoka. Mjomba alianza na betri. Tukazianika juani juu ya bati, akaziuma moja moja kwa meno ya nyuma, na kweli zilipata nguvu kidogo. Nilijifunza hapo kitu ambacho nimekiona mpaka leo kwenye vyombo vya watu: umeme ukiwa dhaifu, cha kwanza kukimbia ni besi. Sauti nyembamba hubaki ikipiga domo.

Kisha mwalimu, alipoona shida yetu, akatupa spika kubwa tupu iliyotolewa kwenye redio yake ya zamani, pana kama sahani ya ugali, na nyaya mbili zinaning'inia. Tukaiunga kwenye redio. Tulitegemea radi. Ikatoka sauti nyembamba kuliko ya kwanza! Mjomba aliishika mikononi, akaikaribisha ukutani, akaitenga, akaikaribisha tena. "Sauti ya mbele na sauti ya nyuma zinakutana na kuuana," akasema hatimaye. "Inataka nyumba."

Nyumba ya kwanza ilikuwa mtungi wa maji wa bibi. Spika ililala mdomoni mwake kana kwamba ilipimwa hapo, na mngurumo uliotoka ulitufanya turuke kwa furaha. Lakini mtungi una noti yake moja na haujui nyingine. Ngoma, vigelegele, mvua, hata padri aliyekohoa, vyote vililia mvuu, mvuu, kama ng'ombe aliye kisimani. Bibi alisikiliza akiwa anachambua mboga.

"Sasa mmeniletea ng'ombe."

"Ni ngoma, bibi," nikasema.

"Wewe nyamaza, maji hujateka. Na mtungi wangu mnaurudisha jikoni leo au mwakani?"

Ijumaa tulianza kuihamisha spika. Katikati ya chumba besi ilipotea. Ukiisogeza spika kwenye kona, kuta mbili zilikusanya sauti na kuirudisha ikiwa nene. Mjomba akanifanya niwe sikio lake. Alishika spika, mimi nikatembea chumba chote nikisimama na kusema "hapa ipo", "hapa haipo", na ajabu yake hatua mbili tu zilitosha kuifukuza. Tuligundua pia kwamba sufuria zilizotundikwa ukutani zilikuwa zinaimba wimbo wao wenyewe. Tukaziteremsha zote. Bado haikutosha. Ile ta-ta ilikuwa imenona kidogo, lakini haikuwa ngoma.

Jumamosi asubuhi betri zilikuwa zinakata roho. Mjomba alikaa kizingitini, kitambaa cha mkono kimelegea, nikaona kiganja kimechubuka chote, kuanzia vidoleni. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule. "Asiposhika mrija kesho," akasema, "dada yako mdogo huyu tumemwua." Alikuwa amechanganyikiwa mpaka akamwita mama mdogo dada yangu.

Basi nikamwambia siri yangu ya mtumbwi. Ilikuwa ni kujitoa mhanga, maana nilijua nikishautaja sitapata tena mahali pa kujificha. Akanitazama, kisha akainuka kama aliyeng'atwa na siafu.

Tuliuburuta ndani mpaka kwenye ile kona ambayo tulikuwa tumeipata. Tukaugeuza mdomo chini, spika ndani yake ikitazama juu, ncha moja ya mtumbwi tukaiinua kwa tofali ili upumue. Mjomba akapunguza ile sauti nyembamba mpaka mwisho, akabonyeza. Udongo wa sakafu ukaamka. Haikuwa kelele, majirani wasingeisikia. Ilikuwa pigo: tu, tu-tu, tu, tu-tu, lenye mwanzo na mwisho, likipanda miguuni mwetu.

"Mama! Njoo ukae hapa."

"Juu ya mtumbwi wangu? Mnataka niwe ndizi?"

Lakini alikaa. Alikaa na ungo mapajani, uso umekunjwa tayari kutukana, nyuki wawili wakimzunguka. Nikaona mikunjo ikianza kufunguka mmoja mmoja. Akaweka ungo chini. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao, kando ya mapaja yake, akafumba macho.

"Naisikia," akasema. Halafu akacheka, kicheko kile kile alichomrithisha mama mdogo. "Naisikia kwa makalio!"

Alisikiliza kanda nzima, na betri, Mungu azibariki, zilivumilia. Mwishoni akafumbua macho akamtazama mjomba, si usoni, bali mkononi.

"Mpigaji huyu ana haraka kwenye pigo la tatu," akasema. "Kama watu wa huku kwetu."

Mjomba akakohoa, akainama kukusanya nyaya.

Jumapili wakwe walikuja na chungu chao, wamevaa makoti juani. Bibi aliwaacha wakae, wakasalimu, wakajieleza. Mirija ikatumbukizwa. Mkwe mkubwa, baba wa bwana harusi, alikuwa anatazama chini kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilikuwa mlangoni nikichungulia. Bibi akanyoosha mkono, akashika mrija, akavuta taratibu, akameza.

"Ngoma yenu nimeisikia," akamwambia mkwe.

Mzee wa watu akapaliwa kabla hajanywa chochote. Wakampiga mgongoni, watu wakacheka, mirija mingine ikashikwa, na mimi nikapewa ndizi ya kuchoma kama mtu aliyefanya kazi. Nilidhani tumeshinda kwa ufundi. Niliishi na fahari hiyo zaidi ya miaka thelathini, nikiwasimulia wenye vibanda vya muziki Kahama na Geita kwamba mtumbwi wa pombe unashinda boksi la dukani.

Sasa turudi kwenye kabati la mama mdogo. Nilimwambia mjukuu aiteremshe sabufa. Kisha nikaifanya kazi ya mjomba kwa kuigeuza: nikaiweka sabufa yenyewe kwenye kiti anachokaa mama mdogo, nikafungulia wimbo wenye besi inayotembea, halafu nikapiga magoti, nikatambaa kando ya kuta sikio langu likiwa chini. Mahali ambapo sikio lako chini linapata besi iliyonyooka, hapo ndipo sabufa ikikaa, mwenye kiti ataisikia hivyo hivyo. Mjukuu alikuwa hoi kwa kicheko. Jirani aliyepita akachungulia, "Hodi, kuna aliyepoteza pete?"

Niliipata hatua tatu kutoka kona, chini ya picha ya Bikira Maria. Kwenye kona kabisa ilikuwa nyingi mno, inavuma kama ule mtungi. Tukaiweka hapo sakafuni, juu ya kipande cha zulia, tukaitenga na ukuta kwa upana wa kiganja. Nikapunguza kitufe cha besi ambacho kijana alikuwa amekikaza mpaka mwisho, nikageuza kile kidude cha nyuma mpaka sabufa na vispika vikaanza kwenda pamoja. Kabati likanyamaza. Kwaya ikaingia, na chini yake besi ikatembea kwa miguu yake.

Mama mdogo akakaa kitini. Akaweka viganja juu ya mbao za kiti, akafumba macho.

"Umekuwa mjomba wako mtupu," akasema. "Naye alitambaa hivi hivi siku ya harusi yangu, akitafuta kitu cha kupiga."

"Kitu cha kupiga? Si kulikuwa na ngoma?"

Akafumbua macho. "Ngoma gani, mwanangu? Wapigaji walikuwa watoke Kaniha. Mvua ilikata njia, hakufika hata mmoja. Nimefika hapa, mji mzima kimya, baba mkwe anataka kulia kwa aibu. Kaka yangu akaiacha redio dirishani, akachukua dumu la maji, akalipiga mpaka kiganja kikatoka damu. Nilipokelewa na kaka yangu mwenyewe, kwa dumu!"

Nikakaa sakafuni pale pale nilipokuwa. Kumbe ile redio ndogo ya mwalimu ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo, na sisi siku tatu tulihangaika kuifundisha uongo.

"Bibi alijua?" nikauliza.

"Hakuniuliza kitu. Ila nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja kunitazama, na kabla hajakaa akasema, nionyeshe alichopiga kaka yako. Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia, hilo dumu usilichotee maji tena."

Mjomba amelala Kanazi, karibu na bibi, na nilipopita mara ya mwisho nyumba ilikuwa na watu wengine na mlango wa rangi ya bluu. Mtumbwi ulipasuka ukawa kuni. Kanda ililiwa na redio ya mtu mwingine, mwalimu alihamishwa, na siku hizi harusi nyingi ninazohudhuria zina spika ndefu kuliko bwana harusi, na chungu chenye mirija mingi kinawekwa pembeni kwa ajili ya wazee wachache. Silalamiki, napenda spika ndefu. Lakini sijakutana tena na mtu anayekaa kimya juu ya ubao kusikiliza kama mwanawe amepokelewa vizuri, na akaamua, kwa hiari yake, kwamba ndiyo.

Mama mdogo alinipeleka stoo. Nyuma ya magunia lilikuwepo, dumu la njano lililogeuka rangi ya chai, tumbo lake limebonyea upande mmoja. Nikaligonga kwa kiganja nikitegemea sijui nini. Likatoa sauti fupi, iliyokufa.

"Limejaa mbegu za maharage," akasema. "Humo hayaliwi na wadudu. Subiri tukishapanda, likiwa tupu, uje ulipige."

Nilikuwa nimepanga kuondoka Alhamisi. Nimeazima jembe.